Kibandiko Chekundu cha Lena

Marlys Haugen alikuwa na pua isiyosamehe. Ukumbi wa ile hoteli ya Bellevue, kando ya barabara kuu iendayo Seattle, ulinuka zulia lililokunywa mvua kutoka kwenye viatu vya watu, kahawa iliyoachwa jikoni tangu alfajiri mpaka ikaungua, na donati za sukari ambazo kila mtu alizishika na hakuna aliyezimaliza. Kwa muda mrefu harufu hiyo ilikuwa kwake harufu ya kazi ya maana. Asubuhi ile ya Machi mwaka 2003, alipoingia na kompyuta yake begani, ilimpanda kooni.

Alizaliwa Proctor, Minnesota, mji mdogo wa reli ambako mabehewa ya madini ya chuma hukusanywa kabla ya kushuka ziwani. Baba yake alikuwa mtu wa kuunganisha mabehewa. Behewa la kampuni yoyote lilishikana na la kampuni nyingine kwa kulabu ileile, na hakuna aliyesimama kuuliza limetoka wapi au limepakwa rangi gani. Marlys alikua akidhani ndivyo ulimwengu ulivyo. Akasoma hisabati mjini Duluth, akaolewa, akaachika, akamchukua binti yake Signe wakahamia magharibi, akapata kazi katika kampuni ndogo iitwayo Cedar Slough, iliyotengeneza programu za zahanati. Huko ndiko alikogundua kwamba katika kompyuta kila kampuni ina kulabu yake, na inajivunia kwamba haishikani na ya jirani.

Kwa hiyo ilipokuja XML aliipokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri. Jambo lenyewe si zito kama wenyewe wanavyopenda lionekane. Ni namna ya kuandika habari kwa kuivisha lebo, moja mbele na moja nyuma: hapa jina linaanza, hapa linaishia, hapa dawa inaanza, hapa inaishia. Skima ni mapatano ya lebo zipi zikubalike na zipangwe vipi. Watu wakishapatana, programu ya huyu huiita programu ya yule kwenye mtandao na kuiomba kazi, hata kama mabwana zao hawaamkiani. Huduma za wavuti, ndivyo walivyoziita. Marlys aliziamini kama wengine wanavyoamini kanisa.

Akajiunga na kamati iliyokuwa ikiandika mapatano ya kumbukumbu za wagonjwa, akafanywa mhariri wa waraka wake. Mwenyekiti alikuwa Garrick Pell, rafiki yake wa siku za mwanzo, walipokuwa watu wachache wakikutana kwenye chumba cha chini cha maktaba na kugawana pizza iliyopoa. Siku hizo Garrick alivaa sweta lenye matundu na alipiga meza kwa ngumi akisema mgonjwa hana kampuni. Sasa alivaa koti la bei kubwa, na ngumi yake ilikuwa imelainika sana.

Kamati ilikuwa na wanachama wengi, lakini waliokuwa na sauti ni wawili: Tamarack na Corvane, makampuni makubwa yaliyogawana nusu ya hospitali za nchi. Kwa miezi mingi yalikuwa yakigombana juu ya kitu kidogo hata mtu wa nje angecheka. Lebo tupu. Lebo ya mzio ikifunguliwa na kufungwa bila neno katikati, ina maana gani? Mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote, au hakuna aliyemuuliza?

Marlys alitaka waraka useme waziwazi. Tupu ni tupu: hajaulizwa. Asiye na mzio aandikiwe hana. Aliandika aya hiyo, akaileta, ikaahirishwa. Akaileta tena, ikaundiwa kamati ndogo. Wakati huo wataalamu wa pande mbili walitukanana kwa barua pepe ndefu. Watu wenye shahada na nyumba zinazotazama ziwa walitumia mchana kutwa kuitana mazuzu kwa sababu ya mabano yanayofunga lebo. Marlys alizisoma zote, kila moja, akiamini kwamba chini ya matope yale kuna watu wanaotafuta jibu.

Siku ile ilikuwa siku ya kuunganisha. Kila kampuni ilileta mashine zake, zikawekwa kwenye meza ndefu, zikapelekeana wagonjwa wa uongo. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya miraba, jina la kampuni kila safu, jaribio kila mraba. Mashine zikielewana, mraba ulibandikwa kibandiko cha kijani. Zisipoelewana, palikuwa na desturi. Wahusika wakikubali wote, jaribio huhesabiwa kuwa limeondolewa, linabandikwa kijivu, na kabla karatasi haijatangazwa miraba ya kijivu hufutwa. Desturi hiyo ilianzishwa kwa nia njema, ili wahandisi wasiogope kuleta kazi ambayo haijakamilika. Sasa makampuni yalikuja na kazi mbovu makusudi, kwa sababu walijua itaoshwa. Pakiti ya vibandiko vyekundu ilikuwa palepale kwenye sanduku, kila mwaka, na nailoni yake haijawahi kuchanwa.

Mgonjwa wa uongo wa Marlys aliitwa Lena. Lena alikuwa na homa, alikuwa na kikohozi, na lebo yake ya mzio ilikuwa tupu. Marlys alimtuma kwenye mashine ya Corvane, Corvane ikampeleka Tamarack, Tamarack ikamrudisha nyumbani. Marlys akasoma alichorudi nacho.

"Lena amepona," akasema.

Yefim Brodsky wa Corvane, mwanamume mnene aliyekuja nchini akiwa kijana na aliyekuwa akijivunia kutolala, akainua macho kutoka kwenye mashine yake. "Amepona nini?"

"Mzio ambao hakuna aliyewahi kumuuliza kama anao. Nilimtuma hajaulizwa. Amerudi ameandikwa hana. Njoo uone, bwana."

Yefim alikuja. Prentiss Loomis wa Tamarack naye akaja, kijana mrefu wa kuvaa kandambili na soksi hata mvua ikinyesha.

"Hilo si letu," Prentiss akasema kabla hajafika. "Sisi tumempokea mgonjwa hana lebo ya mzio kabisa. Asiye na lebo hana kitu. Muulize huyu mzee kaitupa wapi."

"Nimetupa takataka," Yefim akasema. "Lebo tupu ni mfuko mtupu. Kwenu mnahifadhi mifuko mitupu?"

"Mama yangu anahifadhi. Chini ya sinki."

"Ndiyo maana programu yenu nzito vile. Ameiandika mama yako."

"Angalau mama yangu akipewa kitu cha watu anakirudisha."

Meza za jirani zilicheka. Marlys akangoja kicheko kiishe.

"Haya, mmechekesha. Huyu anafyeka lebo, huyu akikosa lebo anajaza hana. Skima inawaruhusu wote wawili, na mimi ndiye mhariri wa skima hiyo. Sasa nani anambandika Lena chekundu?"

Wakamtazama kama mtu aliyevua viatu mezani.

"Marlys," Prentiss akasema polepole, "hapa hatubandiki chekundu."

"Ndiyo nauliza kwa nini."

"Tutazungumza baada ya chakula," Yefim akasema, akarudi mahali pake.

Mchana Marlys alivuka barabara kwenda kwenye kijiduka cha teriyaki alichokizoea, kule ambako kuku huletwa juu ya wali na kabichi iliyokatwa. Alitaka kula peke yake. Akafungua mlango, na jambo la kwanza aliloona, kwenye meza ya dirishani, ni Yefim akimmegea Prentiss kuku wake.

Alikuwa akimwekea vipande kwenye sahani, kimoja kimoja, na Prentiss alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika. Garrick aliketi kati yao akifuta vidole. Marlys alisimama mlangoni na mvua ikimdondoka. Hawa ndio waliokuwa wakiitana wauaji wa wagonjwa wiki iliyopita, kwa barua alizosoma mpaka macho yakamuuma.

"Keti, Marlys," Garrick akasema. "Afadhali umekuja. Tumemaliza."

"Mmemaliza nini?"

Garrick akamsogezea kitambaa cha karatasi chenye doa la mchuzi. Juu yake palikuwa na sentensi moja kwa mwandiko wake mzuri: maana ya lebo tupu itaamuliwa na kila mtengenezaji.

Marlys akaisoma, akageuza upande wa pili kana kwamba huenda kuna zaidi.

"Kila mtengenezaji," akasema.

"Kila mmoja kwake. Wao wanabaki na mashine zao zilivyo, wote wanapata muhuri wa kamati, na bidhaa zote mbili zinatoka Juni. Kura ni saa nane. Hii inaitwa kuelewana, rafiki yangu."

"Hii inaitwa kutosikilizana na kupigiwa muhuri."

"Ah, dada," Yefim akasema, na hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi. "Usiichukue moyoni. Kula kwanza."

"Miezi yote ile mlikuwa mkitukanana kwa ajili ya nini?"

Wale wawili wakatazamana. Prentiss akaangua kicheko tena, akajaribu kukimeza pamoja na wali.

"Kutukanana ni kazi," Yefim akasema. "Bosi wake alitaka kuona anapigana. Wangu naye vilevile. Mtu asipopigana anaonekana analala."

"Mimi nimepandishwa cheo kwa barua zile," Prentiss akasema. "Kusema kweli, ile ya kumwita mzee jiwe la Siberia nilisaidiwa kuiandika. Na yeye mwenyewe."

"Nilimrekebisha," Yefim akasema. "Alikuwa ameandika vibaya."

Marlys alimtazama Garrick. Alikuwa akitafuta usoni pake yule mtu wa sweta lenye matundu, hata kwa mbali, hata kwenye pembe ya jicho. Garrick alikuwa akichokonoa jino.

"Na Lena?" akamuuliza.

"Lena ni wa uongo."

"Watakaokuja baada yake si wa uongo."

"Nimempigia Dale," Garrick akasema, kwa ile sauti ya daktari anayekuambia hutaumia. Dale alikuwa bosi wa Cedar Slough, na Cedar Slough iliishi kwa kuuza programu yake pamoja na ya Tamarack. "Amesema kampuni yenu itapiga kura ya ndiyo. Na anakuomba umwekee Lena kijivu kabla hatujaanza. Jaribio ni lako. Bila wewe haliondolewi. Ni kibandiko tu, Marlys. Kidogo kama kucha."

Mwenye duka aliita kutoka kwenye kaunta: "Mama, kuku kama kawaida?"

"Leo sili," Marlys akasema, akatoka.

Alisimama kwenye maegesho ya hoteli chini ya ukingo wa paa, akampigia Signe. Signe alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Yakima, ng'ambo ya milima, ambako watu wa mashamba ya tufaha huletwa wakiwa na vidonda na homa. Zahanati hiyo ilikuwa katika kundi la kwanza la kupata mfumo mpya unaofuata waraka wa kamati.

"Mama, nina dakika mbili," Signe akasema. "Kuna mtoto anatapika hapa."

"Nikuulize kitu kimoja. Mgonjwa ana homa, anahitaji penisilini. Skrini imeandika mzio hakuna. Unafanya nini?"

"Nampa penisilini."

"Humuulizi?"

"Nimuulize nini tena? Si ndiyo maana ya skrini? Nje wamejaa mpaka barabarani. Skrini ikiniambia hakuna, hakuna."

"Na kama hakuna aliyewahi kumuuliza?"

Marlys alisikia mtoto akilia na ndoo ikiburutwa.

"Basi kwa nini iandike hakuna?" Signe akasema. "Mama? Nani anaandika kitu kama hicho?"

Jibu lilikuwa ng'ambo ya barabara, linakula kuku.

Saa nane ukumbi ulijaa. Garrick alisoma aya kutoka kwenye skrini kubwa. Ilikuwa imeshapigwa taipu na kupangwa vizuri, doa la mchuzi limeondoka. Akasema ni ushindi wa busara. Akasema historia itawakumbuka watu waliokuwa tayari kusogea. Prentiss akapinga neno moja kwa ukali, Yefim akamjibu kwa ukali zaidi, watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata hapa. Hata sasa walikuwa wakiigiza, kwa ajili ya wale waliokaa viti vya nyuma.

Makampuni yakaitwa moja moja. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ilipofika zamu yake Garrick alimtabasamia.

"Cedar Slough?"

"Andika ndiyo," Marlys akasema. "Kura hiyo ni ya Dale, na Dale ameshawaambia."

"Asante."

"Lakini jaribio ni langu."

Akainuka. Alitembea mpaka kwenye sanduku la vibandiko, akachukua pakiti nyekundu, akaichana kwa meno. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba ile nailoni ilisikika. Akabandua kimoja, akakibandika kwenye mraba wa Lena. Kikaanguka. Akaokota, akakikandamiza kwa kidole gumba, kikaanguka tena. Gundi ilikuwa imekauka kwa kukaa miaka bila kutumika.

Mtu mmoja akacheka nyuma, akaacha.

Marlys akachomoa pini iliyoshika kitambulisho chake kifuani. Kitambulisho kikadondoka zuliani na jina lake likatazama juu. Akakichoma kile kibandiko kwa pini hiyo, katikati kabisa, mpaka kikashika.

"Marlys," Garrick akasema kwa sauti ya chini, "usitutie aibu mbele za watu."

"Ndiyo kazi ya kibandiko hiki. Jambo liwe limeonekana."

"Tunaweza kulizungumza faraghani."

"Tumelizungumza faraghani kila mwaka. Ukuta wenu wote wa kijani umetokana na faragha. Nimemtuma mgonjwa asiyejulikana, mmenirudishia mgonjwa mzima, halafu mnataka nimfute. Sitamfuta. Desturi ni yenu wenyewe: wahusika wote wakubali. Mimi sikubali."

"Mzee, mwambie kitu," Prentiss akamnong'oneza Yefim, lakini wengi walisikia.

Yefim alikuwa akitazama kile kidoa chekundu ukutani. "Nimwambie nini?" akasema. "Ni kweli tumeitupa lebo." Kisha akaangalia saa yake, akaanza kukunja waya wa mashine yake. Ukweli ulikuwa umemgusa kiasi hicho tu.

Aya ilipita. Hakuna aliyepinga.

Dale alimwondoa Marlys kwenye kamati kabla wiki haijaisha, kwa barua fupi yenye maneno matamu. Karatasi ya miraba ilipotangazwa, Marlys aliifungua ofisini kwake, akatafuta mraba mwekundu. Haukuwepo. Desturi iliwazuia kufuta jaribio lake bila idhini yake, basi walifuta safu nzima ya Cedar Slough, kana kwamba kampuni haikuhudhuria. Kilichobaki kilikuwa kijani kuanzia juu hadi chini, kijani kama dimbwi lisilotembea. Chini yake paliandikwa kwamba mashine zote zimeelewana.

Akamwandikia Garrick jambo moja tu: aondoe jina lake kwenye waraka. Garrick akajibu kwa upole mkubwa kwamba haiwezekani. Kwa desturi ya kamati, jina la mhariri halifutwi kamwe. Ni heshima anayopewa mtu. Waliweza kufuta kampuni nzima ukutani, lakini jina la mwanamke mmoja kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya aya aliyoichukia, hilo likawa kitu kitakatifu. Baadaye wakamletea kipande cha kioo kizito, kimechongwa jina lake na maneno ya shukrani kwa kuunganisha ulimwengu.

Mfumo ulifika Yakima wakati matufaha yanaanza kuwiva. Signe alipiga simu mchana, akiwa kwenye gari lake, anakula.

"Tumebandika karatasi juu ya kila skrini," akasema. "Nimeandika kwa kalamu nene: Muulize. Daktari alilalamika kwamba inaharibu sura ya chumba."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia aende akalalamike kwa mama yangu. Leo kaja mzee mmoja mchumaji, mguu umevimba. Skrini inasema hakuna. Nikamuuliza. Akasema penisilini iliwahi kumziba koo, wakamkimbiza hospitali. Anacheka, mama. Anasema kwani hamwandiki mambo haya?"

Marlys alifumba macho. Alijua angepaswa kufurahi, na kwa ajili ya yule mzee alifurahi. Lakini hakuacha kuhesabu. Makampuni makubwa, miaka ya mikutano, vyeo vilivyopandishwa, mlima wa barua, na mwishowe kinachomlinda mtu ni karatasi na gundi ya binti mmoja mkaidi, katika zahanati moja.

"Umewaambia na zahanati nyingine?" akauliza.

"Nimewapigia ninaowajua. Ninaowajua ni wachache, mama."

"Nitajie hizo nyingine. Nitazipigia mimi."

"Zote?"

"Anza na za huko kwenu, kisha tuvuke mlima."

Signe akaanza kutaja, mdomo umejaa mkate. Marlys akatoka na simu hadi uani kwake, mahali simu inaposhika vizuri, akikanyaga nyasi zilizolowa. Mlango wa kibanda cha vifaa ulikuwa wazi, na upepo haukuweza kuufunga. Chini yake, kimeegemezwa ubavu, kioo cha kamati kilikuwa kimeushikilia, na konokono alikuwa akipita juu ya neno la shukrani.

"Rudia ya tatu," Marlys akasema. "Na uniambie nimuulizie nani."